Siku Mia Mbili na Kumi na Mbili

Kila asubuhi, kabla kengele ya gwaride haijalia, Aanyu alifungua chumba cha kompyuta, akafuta vumbi jekundu la barabara ya Tororo, kisha akaketi mbele ya seva. Seva hiyo ndiyo iliyokuwa kompyuta mama ya shule: humo zilihifadhiwa alama za mitihani, insha za wanafunzi na vitabu vya maktaba. Aanyu aliandika neno moja kwenye kibodi, nayo seva ikamjibu imewaka siku ngapi bila kuzimwa. Jumatatu hiyo ilijibu: siku mia mbili na kumi na mbili.

"Mke wa mashine!" Ogwang, mwanafunzi mwenzake wa darasa la saba, alimtania dirishani. "Mumeo ameamkaje? Amekwisha kunywa chai?"

Wenzake wakacheka. Hawakujua kwamba seva iliwashwa asubuhi ile ile mama yake alipopanda basi kwenda kutafuta kazi Uarabuni. Mwalimu Engole, msimamizi wa chumba cha kompyuta, alimkuta akilia mlangoni, akamwambia, "Njoo, binti. Wewe ndiwe utakayeiwasha." Tangu hapo hesabu ya seva ikawa hesabu ya mama. Mwanzoni simu ya mama ilikuja kila Jumapili. Sasa wiki ya sita ilikuwa ikikatika kimya. Nyumbani hakuna aliyezitaja siku hizo. Ni namba ile tu iliyobaki ikizihesabu pamoja naye.

Nywila kuu ya seva ilijulikana na watu watatu: Mwalimu Engole, Aanyu na Nerima, msichana wa Kisamia aliyehamia kutoka Busia. Wakati wa uji, Nerima peke yake ndiye aliyeketi karibu na Aanyu.

Mchana huo Mwalimu alimwita Aanyu.

"Waundaji wa mfumo wa seva yetu wametangaza kwamba wamegundua tundu katika kiini chake," alisema. "Kiini ndicho kinachotawala mashine nzima. Kwa kupitia tundu hilo, mwanafunzi mwenye akaunti ya kawaida anaweza kujifanya bwana wa seva, hata kama hajui nywila yetu. Wametoa kiraka cha kuliziba. Kiweke, uiwashe seva upya, kisha uandike daftarini. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Aanyu alikiweka kiraka kwa uangalifu, hatua kwa hatua. Mwishoni kioo kikaandika: Washa upya ili kiini kipya kianze kazi.

Kidole chake kikasita. Akiiwasha upya, hesabu ingerudi sifuri. Siku mia mbili na kumi na mbili zingefutika kana kwamba mama hakuwahi kuondoka, au kana kwamba hakuwahi kuwapo.

"Kiraka kimo ndani tayari," alijiambia. "Nitaiwasha upya mama akipiga simu."

Akachukua daftari la kazi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Tundu limezibwa. Seva imewashwa upya. Akatia sahihi.

Siku ya Ijumaa Mwalimu Engole aliingia darasani uso umekunjamana, mkononi ameshika kitabu chake cha alama. Alikuwa amelinganisha alama za kitabuni na zile za seva, akakuta za wanafunzi watatu zimepanda. Ogwang alikuwa mmoja wao. Nerima alikuwa mwingine: hamsini na nane yake ya hisabati imegeuka themanini na tano.

"Daftari linasema tundu lilizibwa Jumatatu," Mwalimu alisema. "Kwa hiyo aliyefanya haya aliingia kwa nywila kuu. Nerima, wewe unayo, na alama zako zimepanda. Una la kusema?"

"Mwalimu, haki ya Mungu, si mimi!"

"Jumatatu utakuja na baba yako. Mpaka hapo, rudisha ufunguo wa chumba cha kompyuta."

Nerima aliuweka ufunguo mezani. Alipogeuka, alimtazama Aanyu akitumaini angalau neno moja. Aanyu aliinamisha macho. Nyuma, Ogwang alikuwa akichonga penseli ambayo tayari ilikuwa na ncha kali.

Jioni Aanyu aliketi na babu yake, Mzee Edeku, aliyekuwa fundi wa reli Tororo kwa miaka thelathini.

"Babu," aliuliza, "mtu akiandika kwamba kazi imekwisha, kumbe imebaki kidogo tu, ni kosa kubwa?"

"Kidogo gani?"

"Kidogo sana."

Mzee alisafisha koo. "Nati moja ya reli nayo ni kidogo sana. Liulize gari la moshi."

Hakusema zaidi, wala hakumwuliza. Alimwachia swali lake, akaenda kulala. Jumamosi na Jumapili zilikuwa ndefu. Simu haikulia. Aanyu alitambua kwamba upweke alioutunza ndani ya namba ile sasa amemgawia Nerima, naye Nerima hakuuomba.

Jumatatu aliwahi kuliko siku zote. Baba yake Nerima alikuwa amekwisha kufika, amesimama ofisini kofia mkononi, Nerima kando yake, macho yamemvimba. Aanyu alibisha hodi.

"Mwalimu, niliandika uongo. Kiraka nilikiweka, lakini sikuiwasha seva upya. Tundu bado liko wazi."

Mwalimu Engole aliwaongoza mpaka chumba cha kompyuta, akaandika amri fupi. Seva ilijibu kwamba bado inaendeshwa na kiini cha zamani, na kwamba imewaka siku mia mbili na kumi na tisa. Akafungua kumbukumbu za seva. Alhamisi, saa nne asubuhi, akaunti ya Ogwang ilikuwa imeendesha programu ngeni.

Ogwang aliitwa. Alikana mara moja, alipoonyeshwa kioo akanywea. "Kaka yangu alinipa kwenye flashi," alisema. "Nilijaribu, ikakubali. Nikawaongeza na wengine, nisionekane peke yangu."

Alama zilirudishwa kutoka kitabuni, na Ogwang akapewa adhabu yake. Mwalimu alimwomba Nerima radhi mbele ya baba yake, akamruhusu arudi darasani. Kisha akamgeukia Aanyu.

"Kwa nini, binti?"

Aanyu alimweleza habari ya namba na ya mama yake, baba yake Nerima akisikiliza.

"Huzuni yako si kosa," Mwalimu alisema. "Ungeniambia, tungeiandika namba hiyo ukutani. Kosa ni sahihi yako. Kiraka kisichoanza kazi hakizuii kitu, lakini sahihi ya uongo ni mbaya zaidi: ilinifumba macho mimi, nikamwadhibu asiye na hatia. Anayeandika kazi imekwisha ilhali haijakwisha huwanyang'anya wenzake ulinzi, nao hawajui kwamba wamenyang'anywa. Sasa imalize kazi yako."

Aanyu alibonyeza. Taa za seva zikazimika, chumba kikawa kimya kuliko siku zote. Kisha zikawaka. Kiini kipya kilikuwa kazini. Hesabu ilisema: dakika moja.

Akakata ule mstari wa uongo daftarini kwa rula, akaandika ukweli chini yake, akatia sahihi tena.

Juma lile lote alikunywa uji peke yake. Hakulalamika, alijua ni haki. Siku ya Ijumaa kivuli kiliangukia kikombe chake. Nerima aliketi, si karibu sana.

"Baba ameniambia habari ya mama yako," alisema. "Leo ni siku ya ngapi?"

Aanyu hakugeuka kutazama chumba cha kompyuta.

"Mia mbili ishirini na tatu," alijibu.

"Haya," Nerima alisema, akasogea kidogo. "Kesho ni ishirini na nne. Ukisahau, niulize."