Fulana za Mheshimiwa Iribarne

Rocío alipotoka shule alasiri hakuwa na mazoea ya kupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kiwandani, pale mjini Lanús, akavaa aproni kuukuu na kukaa karibu na mama yake, Graciela, aliyekuwa akisugua sufuria mpya za alumini mpaka zing'ae. Akimaliza kazi za shule, alizifunga sufuria hizo kwa magazeti na kuzipanga kwenye maboksi.

Kiwanda kile hakikuwa na bosi. Bosi alikuwapo zamani, akala faida, akakopa huku na huku, kisha akafunga lango kwa mnyororo na kutokomea na mishahara ya watu. Wafanyakazi wakawalilia wakubwa wa serikali, na wakubwa wakatia pamba masikioni. Mwishowe wakaukata mnyororo, wakalala sakafuni juu ya maboksi, wakawasha mashine wenyewe. Polisi walipokuja kuwatoa, Graciela alipigwa rungu la kichwa, damu ikamtiririka usoni. Lakini hawakutoka. Wakaunda ushirika: malipo sawa kwa wote, na kila jambo kuamuliwa kwenye mkutano wa Ijumaa kwa kunyoosha mikono.

Hata hivyo, jengo lilikuwa bado si lao. Bunge la jimbo lisipopitisha sheria ya kuwapa, mahakama ingeliuza pamoja na mashine zote, nao wangerudi barabarani. Watoto wote wa kiwandani walilijua hilo.

Jumatano moja mama alimtuma Rocío stoo kuchukua maboksi. Huko alimkuta mjomba wake Anselmo, mwenyekiti wa ushirika, akifunika marobota kwa turubai. Robota moja lilikuwa limefunguka. Lilijaa fulana za buluu, na kila fulana ilikuwa na uso wa mbunge, Mheshimiwa Iribarne, akitabasamu.

"Mjomba, za nani hizi?"

"Zetu. Jumapili ana mkutano wa kampeni uwanjani. Tunakwenda wote na familia, mabasi yatatufuata. Mikate ya soseji itakuwepo, usiwe na wasiwasi."

"Lakini Ijumaa haijafika. Nani kaamua?"

Anselmo akajikuna kisogo. "Mimi. Tukimjazia uwanja, naye anatupigia kura tupate jengo. Tusipomjazia, ndiyo basi tena."

"Si ndiye huyu aliyepita na gari siku ile mama anavuja damu, akapandisha kioo?"

"Ndiye. Siasa ndivyo zilivyo, we mtoto. Ijumaa nitasema ni zawadi, yaishe. Na wewe ufunge mdomo. Ukiropoka jengo likatuponyoka, lawama ni yako."

Rocío alibeba maboksi yake akatoka. Alikasirika kwa ajili ya mama yake, na alikasirika zaidi kwa sababu mzigo wa mtu mzima umetupwa kichwani pake.

Kesho yake shuleni, rafiki yake Lautaro akamtania. "Vipi leo, umemeza ndimu?"

"Niache."

"Haya. Baba jana kakusifieni. Anasema wanasiasa wote baba mmoja mama mmoja, ila nyie wa kiwandani hamumpigii mtu magoti."

Sifa ile ilimchoma Rocío kuliko matusi.

Ijumaa wafanyakazi walikaa duara kati ya mashine. Bi Elba, mkongwe wao, alikuwa akimimina chai ya majani ya yerba kwenye kibuyu kimoja, nacho kikipita mkono hadi mkono. Kwao, ukirudisha kibuyu ukasema asante, maana yake umetosheka, usimiminiwe tena. Anselmo alisema asante mzunguko wa kwanza tu, watu wakatazamana.

"Ndugu zangu," akaanza, "Mheshimiwa Iribarne yuko upande wetu. Ametuletea na zawadi ya fulana. Jumapili tumtembelee uwanjani tukamshukuru."

"Na yeye kataka nini?" akauliza Bi Elba.

"Hajataka kitu."

Rocío, aliyekuwa amekaa kando ya mama yake, akasimama. "Mjomba, si kweli. Kataka tumjazie uwanja, ndipo atupigie kura. Uliniambia mwenyewe stoo."

Anselmo akageuka, uso umemwiva. "Mtoto hana kura hapa."

"Kura hana, mdomo anao," akasema Bi Elba. "Wewe jibu. Anasema kweli au uongo?"

Anselmo akainamisha kichwa. "Kweli," akasema. "Nilifanya kwa ajili yenu."

Kelele zikazuka. Fundi mmoja wa mashine akasema, "Jamani, fulana tu hiyo. Tukikosa jengo, watoto tutawalisha heshima?" Wengine wakaitikia, maana njaa waliijua.

Graciela akaweka chini sufuria aliyokuwa nayo. "Mimi nilipasuliwa kichwa langoni, na yule bwana alipandisha kioo. Leo nikivae kifuani kichwa chake? Tena kaka yangu ameniuza bila hata kuniuliza. Bosi wa kwanza alitufanyia hivyohivyo. Kama jengo ni haki yetu, tukalidai kwa midomo yetu."

Wakapiga kura. Mikono ya kukataa ilikuwa mingi kuliko ya kukubali. Fulana zikarudishwa zote, na Anselmo akavuliwa uenyekiti.

Bunge lilipokutana La Plata, makao makuu ya jimbo, wafanyakazi walikwenda na nguo zao za kazi, na majirani wakafuatana nao, baba yake Lautaro akiwa mbele. Waligonga sufuria mlangoni tangu asubuhi, mpaka wapita njia nao wakasimama na waandishi wa habari wakaja na kamera. Ndani, wabunge wakanyoosha mikono mmoja baada ya mwingine. Iribarne naye akanyoosha, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwake. Sheria ikapita. Na huyo bwana, bila haya, akatoka nje kutangaza kwamba kazi ile ni yake.

Watu walimzomea, akaingia garini.

Jumatatu iliyofuata Anselmo alirudi kwenye mashine yake ya zamani ya kubonyeza bati. Rocío alimpelekea chai. Alikuwa hajui kama mjomba bado amemkasirikia.

"Kaa," mjomba akasema. Akapuliza chai yake. "Nilipokutisha kule stoo, nilikufanyia vibaya. Unisamehe."

"Nimeshakusamehe, mjomba."

"Miaka yote hii nimewatukana wakubwa kwa kutuamulia mambo gizani. Nikapewa cheo kidogo tu, cha kuendesha mkutano, nami nikafanya yaleyale. Ukweli uliousema ulinivua nguo mbele ya watu, lakini ndio uliotuokoa. Kwa hiyo usiwachunge Iribarne na wenzake peke yao, mwanangu. Hata mimi nichunge. Hata mama yako. Siku ukimwona yeyote anaanza kutuamulia sote kwa siri, simama useme kama ulivyosema Ijumaa."

"Na wakiniambia mtoto hana kura?"

"Wewe sema tu hivyohivyo," Anselmo akajibu, akaiwasha mashine.