Ubao Wenye Tundu

Asubuhi ile nilikuwa nakata figili za kutia chumvi. Mume wangu Tokuji alikuwa majarubani, kwenye mpunga wetu. Mvua kubwa ilikatika jana yake.

Binti yetu Sanae akaingia bila hodi. Ameolewa bondeni, kwenye mto wetu huu huu, chini kabisa. Alibeba ndoo. Akaimwaga pale pale mlangoni. Tope tupu!

"Baba yuko wapi? Nimemrudishia udongo wake."

Tokuji akatokea. "We mtoto, una wazimu?"

"Mwaka wa pili huu nazoa tope sebuleni! Kila mvua ikija, unang'oa ubao unaozuia maji jarubani. Maji yote yanashuka kwangu."

"Maji hufuata mteremko. Mlima nimeuumba mimi?"

"Mlima hukuumba. Ubao umeung'oa kwa mkono wako!"

Mimi si mwepesi wa hasira. Lakini siku ile nilikitupa kisu juu ya figili.

Nikamwita Hirose, binti wa ofisi inayosimamia mto. Mara tatu alikuwa amekuja kuzungumzia mafuriko, mara tatu mume wangu akamfukuza. Safari hii nilimwekea chai mimi.

Alikuja na ubao wenye tundu dogo.

"Mzee Tokuji, mvua za sasa si zile za ujana wako. Bahari imepata joto. Mawingu yanabeba maji mengi, yanayamwaga kwa saa chache. Mto hauwezi kuyameza kwa mkupuo. Weka ubao huu kwenye mlango wa maji kabla ya mvua. Jaruba litajaa shibiri moja, kisha maji yatatoka polepole."

"Mpunga wangu uoze?"

"Mpunga mrefu hauozi kwa siku moja. Ila jaruba moja halitoshi, mzee. Mpango huu ni wa mto mzima, wa juu na wa chini."

"Wa chini wahame!"

Hapo nikasimama. "Wa chini ni mwanao! Ng'oa ubao tena, uone. Utavuna peke yako, utapika peke yako, utakula peke yako!"

Akauchukua ubao. Majirani walipomwona Tokuji mbishi akiuweka, nao wakaweka mbao zao. Majaruba thelathini na mawili.

Wiki mbili baadaye mvua ikarudi, kali kuliko ile. Tokuji akavaa koti la mvua.

"Naenda kuchungulia shamba tu."

Wazee wangapi wamesombwa na maji kwa maneno hayo hayo! Nikavikalia viatu vyake.

"Inuka, mama Sanae."

"Siinuki. Tundu linafanya kazi bila wewe."

Kulipokucha, majaruba yalikuwa mabwawa, ncha za mpunga zikichungulia. Simu ikalia, alikuwa Sanae. Bondeni maji yalifika kidato cha pili cha ngazi za mlangoni, yakakomea hapo.

"Sanae anasemaje?" akauliza Tokuji. "Ameniulizia?"

"Ameuliza kama ubao bado upo."

Akatazama viatu vyake. "Mwambie upo. Na mwakani utakuwepo."

"Mwambie mwenyewe," nikasema, nikamsukumia simu.