Jina Alilopewa Mwigizaji

Lavender, mtoto wa Bridgit, alikuwa na miezi minne na kilio cha kuhamisha wapangaji. Ploti nzima pale Kawangware 56 ilimjua. Alilia akinyonya, alilia akibebwa, alilia mpaka sauti ikakauka na bado mdomo uko wazi. Saa moja tu kwa siku ndiyo aliyonyamaza: saa nane mchana, akiwa mgongoni mwa mamake ndani ya banda la video kule Lindi, Kibera, kila mamake alipotamka jina la Nabalayo. Bridgit aliliona jambo hilo siku ya kwanza, akajifanya hajaliona.

Kazi yake pale bandani ilikuwa kutafsiri filamu, na usicheke, maana lugha ya zile filamu hata yeye hakuijua. Kihara, mwenye banda na mwenye ile ploti, alikuwa amenunua mnadani kanda saba za mwigizaji mmoja wa zamani, picha nyeusi na nyeupe, maandishi yake hakuna mtu Lindi nzima aliyeweza kuyasoma. Jioni banda lilikuwa la vijana na karate zao. Mchana Kihara alitaka kina mama. Basi akazima sauti ya televisheni, akampa Bridgit maiki, akamwambia atunge chochote bora watu wacheke.

Maisha yote ya yule mwigizaji yalikuwa ndani ya zile kanda. Katika ya kwanza ni msichana mwembamba anayepita nyuma ya wenzake na sinia. Katika ya pili anaimba. Ya tatu na ya nne, yeye ndiye kila kitu, wanaume wanapiga magoti. Ya tano amevaa lulu na macho yamechoka. Ya sita wamempa nafasi ya shangazi mkali, kwa kuwa ujana umeisha na kuna msichana mwingine wa kuimba. Ya saba ni kikongwe kitandani, na kando yake kuna kitanda kidogo cha mtoto, kitupu, ambacho hakuna anayekieleza. Kina mama walimfuata wiki baada ya wiki, wakabishana kama aliwahi kuolewa kweli au ni mambo ya filamu tu.

Alihitaji jina, na majina yamejaa duniani. Bridgit akampa la Nabalayo, na alijua vizuri sana anachofanya.

Nabalayo alikuwa mke wa kwanza wa Boaz, fundi wa mbao, Boaz huyu huyu ambaye sasa ni mume wa Bridgit. Mwaka wa tisini na tatu, Nabalayo akiwa amelazwa kwa mimba iliyomsumbua, Bridgit alianza kuingia nyumba ile kumpikia Boaz, na kupika kukazaa mengine. Siku moja mgonjwa akaruhusiwa mapema. Akamkuta Bridgit amekalia kigoda chake kando ya jiko. Hakutukana wala hakulia. Alisimama mlangoni, akainua nyusi moja, akasema, "Nipishe." Wiki mbili baadaye akafa akijifungua, na mtoto akaenda naye.

Ungedhani mtu angeliacha jina kama hilo lipumzike. Wapi! Majirani walikuwa bado wanamsifu marehemu, chapati zake, upole wake, nywele zake alizozichoma kila Jumamosi kwa kitana cha chuma cha moto ili zinyooke, na kila sifa ilimkereketa Bridgit kooni. Kwa hiyo bandani alilipiza. Alimfanya Nabalayo wa filamu mwizi wa waume, mlevi, mjinga wa kuchekwa na watoto. Na kila yule mwigizaji alipoingia mlangoni na kuinua nyusi moja, kwa sababu ndio uliokuwa mtindo wake tangu ujana hadi uzee, Bridgit alimtia mdomoni neno lile lile, "Nipishe!", na benchi zote zikaitikia kwa kelele. Likawa neno la mtaa. Wanawake wa Lindi walisukumana nalo kwenye foleni ya maji.

Ubaya ulianza kujionyesha Jumatatu moja ya mwaka wa tisini na sita, kwenye kanda ya sita. Bridgit aliamka bila sauti. Mwigizaji alipoingia mlangoni, Bridgit alifungua mdomo pakatoka upepo mtupu, lakini neno likasikika. "Nipishe." Lilisemwa taratibu, bila utani. Kina mama wakacheka na kuitikia, wakidhani ni yeye. Aliangalia kitufe cha sauti cha televisheni, kilikuwa kwenye sufuri. Kisha bandani pakanuka nywele zilizochomwa. Mgongoni mwake, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Lavender akacheka.

Kesho yake ilikuwa zamu ya kanda ya saba, na Bridgit akaenda, maana kiburi chake kilikuwa bado kikubwa kuliko hofu yake. Kikongwe akatokea kitandani, Bridgit akaanza kumtusi kwa sauti iliyokwaruza, na ile harufu ya nywele ikapanda tena, nzito, mpaka mama mmoja akauliza ni nani anachoma kitu, na hapo ndipo Bridgit alipoona kwamba kile kitanda kidogo hakikuwa kitupu, kwamba ndani yake alilala mtoto aliyevaa kofia ya sufu ya manjano, manjano kabisa katika filamu isiyo na rangi, kofia aliyoifuma yeye mwenyewe, na wakati uo huo akahisi mgongo wake umekuwa mwepesi ilhali fundo la leso lilikuwa limekaza kifuani, akarusha mkono nyuma, akapapasa, akamkuta mwanawe yupo, lakini baridi kama sufuria ya jana, macho wazi, yameelekea kwenye kioo cha televisheni, na kule ndani ya kioo kikongwe aligeuka polepole, akawapita kwa macho watu wote wa filamu yake, akamtazama yeye. Bridgit akatupa maiki na kukimbia.

Tangu saa hiyo Lavender hakulia tena. Pia hakunyonya. Siku ya tatu mashavu yakawa yameingia, na zahanati wakasema hawaoni ugonjwa. Boaz akatuma habari Bungoma, mamake akaja na basi la usiku.

Bibi yule hakuwa mtu wa maneno mengi. Alishauliza zamani ni mtoto gani wa ukoo wao anayepewa jina la sabuni bila wafu kuulizwa. Akakaa kitandani, akamwambia Bridgit ashike ziwa tayari, akaanza kutaja marehemu mmoja mmoja kama inavyofanywa kwao, ili yule ambaye mtoto atanyonya akisikia jina lake ajulikane ndiye anayetaka kurithiwa jina. Akamtaja mumewe, Khamala. Mtoto kimya, midomo imefungwa. Akataja shangazi, akataja ndugu, akamaliza.

"Kuna mmoja hujamtaja," Boaz akasema, akiangalia sakafu.

"Yule alikufa na kinyongo. Wa kinyongo hawaitwi."

"Nimekuwa nikimwita mimi," Bridgit akanong'ona. "Kila siku, mbele ya watu."

"Ukimwita ukimwambia nini?"

Bridgit akamfunika mtoto kwa leso hadi kidevuni. Bibi akamtazama, na hapakuwa na huruma katika macho yale.

"Basi ameitika," akasema. "Ukimtaja, mtoto atanyonya. Usipomtaja, kesho kutwa tunachimba kaburi."

"Na nikimtaja, mwanangu atakuwa nani?"

"Atakuwa hai."

Bridgit akainama mpaka midomo ikagusa sikio la mtoto. "Nabalayo," akasema. Mtoto akalishika ziwa kwa nguvu ya kuumiza.

Watu wakafurahi. Kihara, akinung'unika, alikubali kanda zote saba zichomwe nyuma ya banda. Bibi akarudi Bungoma. Mtoto akanenepa, akalala vizuri, na wapangaji wakasema kweli yule bibi amelifukuza lile balaa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, asubuhi, Bridgit alikuwa amekalia kigoda kando ya jiko, mtoto ziwani, chai ikichemka. Ghafla ikaja harufu ya nywele zinazochomwa. Mtoto akaliachia ziwa. Akamtazama juu, akainua nyusi moja.

"Nipishe," akasema, kwa sauti ya mtu mzima, bila hasira yoyote.

Bridgit akainuka. Miguu ilimtii mtoto, si yeye mwenyewe. Akamweka mtoto juu ya kigoda, na mtoto wa miezi minne, ambaye hajajua kukaa, akakaa wima na kutazama chai. Boaz alipoingia kunywa, alimkuta mkewe amesimama mlangoni, kama mgeni anayengoja kukaribishwa.