Magazeti Chini ya Mashine

Rafiki yangu dereva wa malori, mbishi karibu kunifikia mimi, mashine yake ya kufulia ilivuja mpaka dari ya jirani wa chini ikalowa. Mwenye nyumba akamwambia: ikilowa tena, hama.

"Baba Watoto, si uite fundi tu," mkewe akamsihi.

"Fundi ndiye huyu unayemwona."

Alibadilisha mpira wa mlango, akakaza mabomba, akasafisha chujio. Maji yako palepale. Kwa hasira akazima umeme, akafunga koki, akajifungia na tochi katika chumba cha kufulia kisicho na dirisha, ili asichekwe. Akatandika magazeti chini ya mashine aone tone linaangukia wapi, kisha akalala kifudifudi, akazima tochi na kutega sikio.

Tap. Tap.

Akamulika. Magazeti yalikuwa makavu.

"Unanichezea, wewe," akaiambia mashine, akazima tena.

Tap. Safari hii tone lilimwangukia shingoni.

Akainuka, akamulika dari: kavu. Akamulika juu ya mashine. Palikuwa na alama mbili za viganja vilivyolowa, maji yakichuruzika ukingoni, na vidole vimeelekea pale alipokuwa amelala.