Paka wa Bi Mastura na Ua la Sebuleni

Semeni alirudi nyumbani Nguvumali saa kumi jioni, hoi bin taaban. Tangu alfajiri alikuwa jikoni shuleni, akikoroga uji na maharage ya wanafunzi. Alitaka godoro tu, basi.

"Semeni! Njoo umwone Kashata!" mama yake, Bi Mastura, aliita.

Bi Mastura alikuwa amekaa chini sebuleni, amempakata paka wake. Tangu afiwe na mumewe, mama huyu hakuwa na hamu ya kula wala kuzungumza. Kashata ndiye aliyemtoa kitandani kila asubuhi kwa kudai dagaa. Leo Kashata alikuwa akichuruzika mate, akijikuna mdomo kwa mguu.

"Kala panya mwenye sumu huyu," Bi Mastura alisema, machozi yakimlengalenga. "Akifa huyu, mie nabaki na nani mchana kutwa? Kata shubiri hiyo dirishani tumnyweshe. Ndiyo dawa yetu ya tumbo."

Semeni akashika kisu. Alikuwa amechoka hata hakuweza kubisha. Mara wakasikia hodi. Alikuwa Devota, jirani yao, afisa mifugo wa kata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Paka wangu anakufa!"

Devota alimchungulia Kashata kinywani. Kisha akaligeukia ua kubwa kando ya kochi, lenye majani mapana ya madoa meupe. Jani moja lilikuwa na alama za meno.

"Si panya, mama. Ametafuna hili. Utomvu wake unawasha na kuchoma kinywa. Na wewe dada Semeni, weka chini hiyo shubiri! Kwa mtu ni dawa, kwa paka ni sumu. Mngemwongezea maradhi."

Semeni alikaa kitako. Ua lile alikuwa amelilea mwaka mzima.

"Nje nachoka, ndani nachoka. Na maua nayo?"

"Pole. Wengi hatujui." Devota alilowesha kitambaa safi, akampangusa paka kinywa taratibu. "Msimtapishe wala msimlishe kwa nguvu. Twende kwa daktari wa mifugo sasa hivi. Koo likivimba, atashindwa kupumua. Jani hili tulibebe, alione."

Daktari alimchoma Kashata sindano. "Mmewahi," alisema. "Na yale maua ya lili ya harusini msiyaingize ndani kabisa. Hata ungaunga wake ukimwangukia paka, akijilamba tu, figo zinakufa."

Kesho yake Semeni aliwapa watu wasiofuga paka ua lile pamoja na shubiri. Mahali pake akaweka mrehani na asumini. Hayo paka akiyatafuna hayamdhuru.

Siku ya tatu Kashata alikula dagaa, akadai tena. Jioni hiyo Semeni alipofika mlangoni, alisikia harufu ya wali wa nazi. Bi Mastura alikuwa jikoni, mwiko mkononi, akimgombeza paka asiingie chunguni.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Kila siku wewe. Leo napika mie."

Semeni hakubisha. Alinyoosha miguu mkekani, akalia kidogo. Kisha akala sahani mbili.