Visukumio vya Kivinje

"Zamu yako," redio ilisema.

Romana Chitanda, afisa wa polisi, alijua maana yake. Lori lilikuwa limepita Mitwero saa tatu asubuhi, na mzigo wake haukupaswa kuvuka bahari.

Alikata kona ya Nangurukuru bila kugusa breki. Hilux iliyumba, ikatulia, ikashika barabara ya Kivinje.

Mzigo ulikuwa viwashio vya baruti. Wanunuzi wa kigeni walivitaka ili walipue visima vya gesi kisiwani. Watu sitini walikuwa kazini huko, akiwamo mdogo wake, Klementi.

Lori lilisimama mbele ya jengo kuukuu la Wajerumani. Wapagazi walikuwa wakiteremsha magunia kwenda kwenye boti. Ignasi, afisa mwenzake, alikuwa amemtangulia.

"Umechelewa, dada. Nimekagua. Visukumio vya chapati tu, mpingo mtupu. Vimekerezwa Nyangamara."

"Vyote?"

"Gunia kwa gunia. Geuza gari, turudi."

Romana alichomoa kimoja. Cheusi, laini. Kilinuka dawa ya viatu.

Hasira ilimpanda. Aliimeza. Alihitaji ushahidi kwanza.

Hatua kumi kutoka pale, Bi Maimuna alikuwa akisukuma chapati.

"Shikamoo, Bi Maimuna. Naomba ndoo ya maji na kisukumio chako."

"Marahaba. Kisukumio ni cha mpingo cha marehemu mama, usinipotezee."

Romana alikitia majini. Kilizama kama jiwe. Akatia cha gunia.

Kikaelea.

Bi Maimuna alikunja uso. "Mpingo gani huo unaogelea?"

Mpingo ni mgumu, huvunja keekee ya kutobolea. Aliyetoboa mti huu alichagua mti mwepesi, akaupaka rangi. Na aliyeupitisha hakuwahi kusukuma chapati maishani mwake.

Ignasi alipeleka mkono kiunoni. Romana alimwahi. Aliukamata mkono, akausokota hadi mgongoni. Bastola ilianguka mchangani. Pingu zikalia.

"Umegeuka lini?"

"Romana, punguza hasira, tuongee."

"Lini?"

"Tangu Machi."

Romana alikizungusha kile kisukumio cha gunia mkononi. Mpini ulifunguka. Ndani mlikuwa na vijiti viwili vya shaba na nyaya nyembamba: viwashio.

Wapagazi walitua magunia wenyewe, wakarudi nyuma.

"Kituo, Chitanda hapa. Mzigo ninao. Naomba wataalamu wa baruti. Nahodha wa boti azuiwe."

"Nahodha tunaye. Na afisa wako?"

"Si wangu."

Ignasi alikuwa akihema. "Pasaka nilikula kwenu, Romana. Nilijua Klementi yuko zamu ya asubuhi. Wangelipua usiku."

"Klementi kabadilishana zamu wiki iliyopita. Yuko usiku."



Doria ilipofika, Romana aliwakabidhi Ignasi na magunia. Alikifuta kisukumio cha Bi Maimuna kwa kanga yake mwenyewe, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Chapati mbili, mama. Za kubeba."

"Na mchuzi?"

"Mchuzi hapana. Naendesha."