Mume Wangu Aliapa Mahakamani Kwamba Hajui Ninakoishi

"Mama, wewe si mke wa mtu. Uliachika tangu mwezi wa tano."

Hayo niliambiwa na karani wa mahakama, dirishani, mwezi wa kumi, huku mkononi nimeshika mfuko wa mbavu za nguruwe nilizotoka kumnunulia mume wangu kwa chakula cha jioni.

Nilicheka. Nilidhani amechanganya majalada.

Karani, mama mtu mzima mwenye miwani ya mnyororo, hakucheka. Aligeuza karatasi nikaisoma mwenyewe. Mdai, Garland Stockdale. Mdaiwa, Verlene Stockdale. Huyo ni mimi. Na chini ya jina langu, kwenye nafasi ya anwani, waliandika neno moja tu... HAIJULIKANI.

Haijulikani, jamani. Na asubuhi ile ile mwanaume huyo alinipigia kelele kutoka chumbani akiniuliza soksi zake nimeziweka wapi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana najua wapo wanaosema natunga.

Mimi ni mpishi wa shule ya msingi hapa kaunti ya Tarlow, nina miaka hamsini na minane. Nyumba ninayokaa aliijenga baba yangu kwa mikono yake, msumari kwa msumari, akaniachia. Nilipoolewa na Garland, miaka ishirini na sita iliyopita, mama mkwe alininong'oneza kwamba mwanaume asiye na jina kwenye hati ya nyumba ni mpangaji tu. Nikaona aibu. Nikamwandikisha.

Sasa huyo Garland mwenyewe, nisiwafiche. Hajui kuchemsha yai. Hajui siku ya kutoa taka, na tunaitoa Jumatano tangu tuoane. Rimoti huitafuta nyumba nzima akiwa ameikalia. Mtu wa namna hiyo, mimi ningemshukuje kwamba anaweza kupanga jambo likapangika?

Mwezi wa kumi ikaja barua ya kodi ya nyumba. Kila mwaka huja na majina mawili. Safari hii lilikuwa moja, la kwake.

Nilimuuliza mezani. Hakuinua hata macho.

"Kompyuta za serikali hizo, mke wangu. Nisogezee chumvi."

Nikamsogezea. Lakini roho haikutulia, kwa hiyo alipokwenda kwenye ligi yake ya boling, ule mchezo wa kuangusha pini kwa mpira, nilifungua tovuti ya mahakama ya kaunti yetu, nikaandika jina lake. Likatoka shauri moja tu, la mbwa wetu Biskuti, aliyetoroka mwezi wa tatu akafukuza bata mzinga wa jirani mpaka barabarani. Zaidi ya hapo, hakuna rekodi.

Mnajua nilifanya nini? Nilijisikia vibaya kumshuku mwanaume wa watu, nikamwokea pai ya pichi. Wajinga ndio waliwao, na mimi nilijipakua mwenyewe kwenye sahani.

Jumapili baada ya ibada tukala chakula cha pamoja kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, kila mtu na bakuli alilotoka nalo nyumbani. Nilikaa na Odessa Trimble. Odessa alikuwa karani wa mahakama ya Tarlow miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na hakuna siri ya kaunti hii ambayo hakuigonga muhuri. Nikamsimulia habari ya barua kama mzaha.

Odessa aliweka uma chini.

"Umetafuta wapi?"

"Kwetu."

"Kwetu tu?"

"Sasa nitafute wapi kwingine, shoga?"

Alinitazama jinsi mwalimu anavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Verlene, kila kaunti ina chungu chake na inakifunika yenyewe. Hawaulizani wanapika nini. Mtu akitaka kukuzika hakuzikii mahali ambapo karani anakujua kwa jina, anavuka mpaka. Garland ana sehemu yoyote nje ya Tarlow?"

Nikakumbuka. Kaka yake ana nyumba ya trela huko kaunti ya Benning, wanakwenda kuwinda kulungu. Na tangu mwaka jana Garland alikuwa akipokelea barua zake nyingine huko, akidai ni za leseni ya uwindaji.

Pale pale, kati ya bakuli la maharage na saladi ya viazi, Odessa akanipa darasa. Andika jina la ukoo kwanza. Usitafute aliyeshtaki tu, tafuta na aliyeshtakiwa. Usibane miaka, acha ilete yote. Tovuti isikudanganye, maana mashauri ya ndoa mara nyingi huonyesha namba tu na karatasi zenyewe ziko dirishani, kwa hiyo panda gari uende. Ukifika, omba kwanza orodha ya kila kilichowasilishwa, ndipo uombe jalada. Ukichukua nakala, hakikisha ina muhuri, la sivyo hakimu ataiona kama orodha yako ya sokoni. Na usimweleze mtu unaitaka ya nini, jalada la wazi ni la kila mtu.

Halafu akasema neno ambalo mpaka leo sijalisahau.

"Wake wote hutafuta jina la mume. Wewe tafuta na la kwako."

Jumanne nikaomba ruhusa kazini, nikaendesha dakika hamsini hadi Benning, na mwanamke mimi, bado mtumwa wa mazoea, nikasimama njiani kununua zile mbavu.

Masjala yao ina kompyuta moja ya umma pembeni, vitufe vinanata. Nikaandika jina la Garland. Shauri moja. Nikaandika la kwangu. Shauri moja, namba ile ile. Nikaenda dirishani, na yaliyonikuta pale mmeshayasoma.

Nikaketi na jalada. Humo mlikuwa na kiapo chake, chenye anwani ya trela la kaka yake, kimeandikwa vizuri kabisa. "Nimemtafuta mke wangu kwa bidii kubwa. Sijamwona kwa miaka miwili wala sijui anakoishi."

Kwa bidii kubwa! Garland, ambaye hawezi kupata haradali ndani ya friji!

Baada ya kiapo, mahakama ikaruhusu nipewe wito kwa tangazo gazetini. Gazeti lenyewe ni la Benning, linalotangaza matrekta mitumba na paka waliopotea. Tangazo likatoka wiki tatu mfululizo, na mimi, kwa vile sisomi habari za paka wa watu, sikujibu. Hakimu akaona mwanamke ametokomea. Akampa mume talaka, na akampa nyumba.

Nyumba ya baba yangu. Alikuwa anasubiri tu mnunuzi aliyemtaka, ndipo aniambie nitoke.

Nilimuuliza karani kama naweza kufanya chochote. Alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Siruhusiwi kukupa ushauri wa kisheria," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Naweza tu kukuambia kwamba fomu za kuomba hukumu itenguliwe ziko rafu ya pili, na kwamba watu wengi wana mwaka mmoja wa kuziwasilisha, wewe umeshatumia miezi mitano."

Mungu ambariki mama yule.

Nikarudi nyumbani. Nikapika zile mbavu, maana Odessa alinikataza kusema neno mpaka nipate wakili. Garland akala tatu. Akasema viungo vimezidi.

Wakili wa msaada wa kisheria alinipokea, lakini akanipa na habari mbaya. Majirani wangenitetea, ndiyo, ila Garland naye angeleta kaka yake aape kwamba tulishaachana zamani, likawa neno lake dhidi ya langu. Tulihitaji kitu kisichoweza kubishiwa, na bila hicho nyumba ilikuwa inakwenda.

Usiku wala mchana sikuwa na amani. Nikawa nakisoma kile kiapo mpaka nikakikariri, na siku moja nikiwa nachambua maharage nikaacha kuyaangalia maneno, nikaiangalia tarehe.

Machi kumi na nne.

Mbona naijua?

Nikakimbilia tovuti ya kwetu. Shauri la Biskuti na bata mzinga... lilisikilizwa Machi kumi na nne, saa tatu na nusu asubuhi. Mimi na Garland tulisimama pamoja mbele ya hakimu wa Tarlow. Na muhuri wa kile kiapo cha Benning ulisema saa nane na dakika kumi mchana, siku hiyo hiyo.

Yaani aliniteremsha kazini, akavuka mpaka, akaapa hajaniona miaka miwili.

Odessa alipopata habari aliuliza jambo moja tu, kama nimeomba sauti. Sikujua kwamba mahakama yetu hurekodi. Akaniambia inarekodi kila kitu, mpaka mashauri ya kuku, na kwamba kinachotakiwa ni kujaza fomu ya ukurasa mmoja. Wiki iliyofuata nikapewa diski. Nikaisikiliza jikoni kwa Odessa, tukaisikiliza tena.

Ombi letu likafunguliwa, Garland akapata wito wake. Mnadhani aliona aibu? Alisema ni makosa ya wakili wake. Na kwa kuwa kwa karatasi nyumba ilikuwa yake, sikuweza kumfukuza. Nilichoweza ni kuacha kupika. Kwa wiki tano mume wangu, au tuseme mtalaka wangu, alikula supu ya kopo bila kuipasha, kwa sababu hakuwahi kujifunza jiko linawashwa vipi.

Siku ya shauri alivaa tai niliyompa Krismasi. Alikuja na kaka yake. Hakimu wa Benning ni mwanamke, mpole wa sauti, na ndiye huyo huyo aliyetoa ile talaka.

"Bwana Stockdale, Machi kumi na nne, mkeo alikuwa wapi?" hakimu akamuuliza.

"Sikuwa najua, Mheshimiwa. Nilihangaika sana kumtafuta."

Wakili wangu akaweka diski. Chumba kizima kikasikia sauti ya Garland, ile ile, na kikohozi chake cha sigara.

"Mheshimiwa, mbwa wangu hana kosa. Mke wangu huyu hapa ndiye aliyeacha lango wazi."

Lango aliliacha yeye. Siku ile nililia garini kwa kusingiziwa mbele za watu. Sasa nasema asante, Garland, maana uongo wako wa asubuhi ndio ulioumeza wa mchana.

Kaka mtu akainuka taratibu, akatoka nje, hakurudi.

Hakimu akaandika kitu kwenye jalada. Kisha akatengua hukumu yote, akarudisha hati ya nyumba kama ilivyokuwa, na kiapo akaagiza kipelekwe kwa mwendesha mashtaka.

Nikatoka ukumbini machozi yananitoka. Na hapo ndipo Garland akanifuata, anatabasamu, tai imepinda.

"Haya, Verl, yameisha. Talaka haipo. Umekuwa mke wangu tena. Twende nyumbani, nina njaa."

Kweli, jamani. Nilikuwa nimeolewa upya saa tano asubuhi bila keki wala ua. Hilo nililijua kabla yake, wakili alishaniambia. Ndiyo maana kwenye benchi la nje ya ukumbi alikuwa amekaa Odessa, na kofia yake ya Pasaka, na bahasha mapajani. Wakili wangu alikuwa ameshawasilisha dai langu la talaka huko Tarlow kwa mtandao wa simu yake mara hukumu ilipotenguliwa, na wito ukachapishwa pale pale masjala, kabla sijafunga vifungo vya koti. Na mtu mzima yeyote asiye mhusika wa shauri, kwetu anaruhusiwa kukabidhi wito.

Odessa akainuka, akamwekea bahasha mkononi.

"Umepokea, Bwana Stockdale. Gazeti halitahitajika, wewe tunajua ulipo."

Garland akanigeukia. Mdomo wazi.

"Sasa mimi nyumbani naingiaje?"

"Garland," nikamwambia, "uliapa hujui ninakoishi. Utafikaje?"

Alikwenda kwenye trela. Yuko huko mpaka leo, anasubiri mwendesha mashtaka amwite, na talaka yangu imetoka ikiwa na jina langu na anwani yangu kamili. Nyumba ya baba iko pale pale, mahakama imenipa mimi. Lango nalifunga mwenyewe, na Biskuti hajatoroka tena.

Najua mnataka kuuliza kama kulikuwa na mwanamke. Alikuwepo. Anaitwa Sherilyn, wa ligi ya boling, na alishaahidiwa ndoa mara tu nyumba itakapopata mnunuzi. Niliwahi kumchukia. Lakini wiki iliyopita Odessa alikwenda Benning kuchukua nakala zangu za mwisho, akamkuta Sherilyn kwenye ile kompyuta yenye vitufe vinavyonata, miwani puani, anaandika jina la Garland polepole kwa kidole kimoja.

Odessa alivuta kiti akakaa naye.

"Usibane miaka, mdogo wangu," akamwambia. "Na ukimaliza la kwake, tafuta na la kwako."

Sherilyn alisoma jalada zima, kuanzia kile kiapo mpaka bata mzinga. Kisha akaenda dirishani akaomba nakala, na akataka iwe na muhuri.

Na wewe unayesoma, usisubiri barua ya kodi. Tafuta kaunti yako, na ya jirani, na ile mumeo anayokwenda kuwinda. Majalada yako wazi saa za kazi, na hakuna atakayekuuliza kwa nini.